Mvua ya Nkwenda

Mjomba wangu alipofariki dunia Muscat, mwaka 2009, hakuacha la kugombewa. Nyumba na vilivyokuwamo vilikwenda kwa wenye haki zao kama sharia ilivyotaka. Kilibaki kijisanduku kimoja cha chuma, cha rangi ya kahawia, chenye vitufe vya rangi ya chungwa, ambacho alikwisha kunipa kwa kauli mbele ya mashahidi miaka mingi kabla ya hapo. Hakuna aliyenionea wivu. Mwaka uliofuata kikafika Dar es Salaam pamoja na mwenzake mzito zaidi, nami nikakibeba mapajani ndani ya basi, siku mbili nzima, hadi Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, ninakosomesha Kiswahili tangu mwaka 1998.

Upana wake haufiki futi moja. Mgeni akiingia kwangu hudhani ni redio ya zamani, na huuliza mbona haina mahali pa kutafutia stesheni. Nikimwambia kuwa hiyo si redio bali ni priamplifaya, yaani amplifaya ya awali, ile inayosimama baina ya chombo kinachotoa sauti na amplifaya kubwa inayozisukuma spika, basi huitikia kwa adabu na kuyahamishia mazungumzo kwenye bei ya kahawa. Kijana jirani yangu, ambaye ana sabufa inayotikisa vioo vya madirisha ya mtaa mzima, aliwahi kuniuliza kwa huruma, "Mwalimu, sasa hii yenyewe inapiga ngapi?" Nikamjibu kuwa haipigi. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi gizani.

Jina lake la kiwandani ni Quad 33. Ilitengenezwa Huntingdon, Uingereza, na aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1967 pamoja na mwenzake huyo mzito, Quad 303, ambayo ndiyo amplifaya yenyewe, yenye nguvu ya wati 45 kwa kila upande. Mjomba aliinunua London mwaka 1973. Alikuwa ametoka Unguja mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika, ndugu zake wengi walikimbilia Muscat. Yeye akachelewa. Alisema alikuwa na deni la kumaliza kwanza, na deni lenyewe lilikuwa hili: miezi kadhaa ya mkate na chai ili alipie kijisanduku ambacho hakina hata sauti yake.

Niliposoma barua zake na kumsikiliza alipokuja Unguja likizoni, nilijifunza kwa nini mtu mwenye akili timamu afanye hivyo. Msomaji atanivumilia nikieleza, kwani hili ndilo jambo lenyewe.

Sindano inapopita katika mfereji wa sahani ya santuri, umeme inaouzalisha ni mdogo kupita kiasi. Kwa sindano ya kawaida ni kama milivolti 5, yaani sehemu tano za elfu za volti moja. Betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu, ambayo ni mara mia tatu ya hiyo. Katika tone hilo la umeme ndimo alimo mwimbaji, na udi, na fidla, na pumzi ya mpiga nai. Kazi ya kwanza ya priamplifaya ni kulipokea tone hilo kabla halijachafuliwa na mvumo wa nyaya na kelele za vyombo vingine, na kulikuza kiasi cha mara mia. Kosa lolote litakalofanyika hapo mlangoni, hata likiwa dogo kama punje ya ufuta, amplifaya kubwa italikuza pamoja na wimbo, na spika zitalitangaza.

Kazi ya pili ni ya ajabu zaidi. Sahani haikuandikwa kama ilivyoimbwa. Sauti nene zingechongwa kwa ukubwa wake wa asili, mifereji ingekuwa mipana mno, sindano ingeruka na upande mmoja usingechukua wimbo wote. Kwa hivyo mchongaji huzipunguza sauti nene na kuzizidisha zile nyembamba, ili baadaye zinaporudishwa chini, mchakacho wa sahani nao ushuke pamoja nazo. Tangu mwaka 1954 kipimo cha kupunguza na kuzidisha kiliwekwa kimoja, na karibu dunia nzima ikakifuata: sauti nene kabisa hupunguzwa karibu mara kumi, na nyembamba kabisa huzidishwa karibu mara kumi. Priamplifaya ndiyo inayoijua siri hiyo na kuigeuza kinyume. Mwenye sahani bila ya priamplifaya ana barua iliyofungwa.

Mjomba alikuwa na sahani chache za kale, nzito na zivunjikazo kama vigae, miongoni mwake zikiwa za Siti binti Saad. Wapenzi wa kurasa hizi hawahitaji kuambiwa kuwa Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, wala kwamba Shaaban Robert aliuandika wasifu wake. Lakini huenda hawakuwahi kuwaza kuwa sahani zile zilichongwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kipimo kile cha 1954. Ukizipitisha katika priamplifaya ya kisasa bila ya kuigusa, Siti hutoka kama aliyefunikwa kanga usoni. Mjomba alikuwa akigeuza kidogo kile kidude cha sauti nyembamba, akisikiliza, akigeuza tena unywele mmoja, kisha akiondoa mkono. Baada ya hapo hakukigusa tena. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "ukianza kuisikia hii mashine, ujue imeharibika, ama umeiharibu wewe."

Neno hilo nililihifadhi kama methali na sikulifuata.

Kila nikiikumbuka safari ya basi hucheka peke yangu. Mimi si wa kwanza kutoka Unguja na kupanda Karagwe na mzigo wa Kiingereza. Novemba 1861 walifika huku Speke na Grant, wakiwa na watu wa Unguja, Sidi Mubarak Bombay akiwa mmoja wao, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na kasri ya mfalme, wakileta nguo na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Kiswahili kimepanda milima hii zamani. Nami nilipofika Kyaka, penye daraja lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, nilikuwa nimekipakata kijisanduku kama mtoto mwenye homa, na abiria wa jirani, mama wa Kinyambo aliyekuwa akitafuna kahawa, akaniuliza kama nimebeba dawa.

Huku juu kilikutana na matatizo ambayo waliokiunda hawakuyafikiria. Kwa miaka mingi umeme wetu wa Kagera ulitoka Uganda, kwa laini itokayo Masaka hadi Kyaka, na sisi tulio mwisho wa waya tulipata kilichobaki. Jioni, kila nyumba ikiwasha taa, nguvu hushuka mpaka taa zikawa za rangi ya asali. Usiku wa manane hupanda ghafla. Nikanunua stabilaiza, chombo kizito kuliko priamplifaya na kinachovuma kuishinda. Aidha kapasita za ndani zilikuwa zimekauka kwa uzee. Nilimpata fundi redio mmoja pale Omurushaka, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaifungua mbele yangu. Alizitazama bodi zake, ambazo huchomolewa moja moja kama madaftari katika mkoba, akanyamaza muda mrefu. Akabadilisha kapasita, akaunganisha na spika zake za kibanda, akaweka kaseti ya kwaya. Kisha akasema, kama anayelalamika, "Mwalimu, hii haina sauti yake." Huyo ndiye mtu pekee wa Karagwe aliyenielewa siku zile, na alinitoza nusu ya bei.

Sasa nifike kwa mkwe wangu.

Nimeoa huku. Baba wa mke wangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi katika kijiji kimoja cha Nkwenda, katika njia iendayo Murongo, mpakani, unakopita Mto Kagera. Nkwenda ilikuwa Karagwe hadi mwaka 2012 ilipozaliwa wilaya mpya ya Kyerwa, na mzee alipenda kusema kuwa yeye hakuhama, wilaya ndiyo iliyohama na kumwacha kitini. Mimi nilimwita Tata, kama watoto wake walivyomwita. Yeye aliniita Mwalimu, hata mbele ya watoto wangu, na sikumbuki hata siku moja aliyonipandishia sauti. Baba yake yeye alikuwa mpiga enanga.

Enanga ni ubao uliochongwa ukawa kama sinia la kina kifupi, na kamba moja hupitishwa huku na huko juu yake hata ikawa nyuzi saba au nane. Mpigaji huiweka mapajani, hupiga kwa vidole, na huimba visa vya mashujaa na wafalme na mapenzi yaliyoharibika. Wahaya wanayo, na ndugu zao Wanyambo wanayo. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye wasomaji wa pwani wanamfahamu kwa kuzihariri tendi zetu, aliandika mwaka 1983 makala akiuliza kama waimbaji hawa wa enanga ni watendi wa kweli, na mwaka 2002 akatoa kitabu kizima cha kujibu wale wanaosema Afrika haina utendi. Nilivisoma. Kwa akili nilikubali, lakini masikio yangu, niseme kweli, yalikataa.

Mimi nimelelewa katika vina na mizani. Nilihesabu mizani nane kwa nane kwa vidole vya miguu kabla sijajua kuandika. Niliposikia enanga mara ya kwanza, katika harusi, nilitafuta kina sikukipata, nikatafuta kituo sikukiona, nikamnong'oneza mke wangu, "Hii ni hadithi iliyotiwa kinanda." Hakunijibu. Miaka kumi na kitu baadaye aliwahi kunirudishia maneno hayo, neno kwa neno, katika jambo lisilohusiana hata kidogo na enanga, na hapo nikajua kuwa yalimchoma.

Ilikuwako kaseti moja. Mwaka 1986, siku ya harusi ya binti yake mdogo, babu huyo aliimba barazani kwa karibu saa nzima, na mgeni mmoja aliyekuwa na redio kaseti akainasa. Babu alifariki miaka miwili baadaye. Haikuwako sauti yake nyingine popote. Kaseti ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa, na ilipigwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu yake, kwa sauti ya chini, ili isichoke.

Mwaka 2013 Tata akanipa kopo lile kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia kwa binti yake kuwa nina mashine ya Kiingereza iliyopita nyingine zote. Aliomba nimtolee nakala kabla kanda haijaoza, ipigwe mwezi uliofuata katika kikao cha ukoo.

Niliileta Kayanga na kuipiga usiku, umeme ulipotulia. Ilikuwa imejaa mchakacho. Palikuwa na ule uvumi wa kanda wenyewe, na juu yake uvumi mwingine, mzito, usiokatika, kama mchele unaomiminwa katika ungo. Sauti ya babu ilikuwa nyuma yake. Hapo ndipo nilipotaka kuonyesha mali yangu ni kitu gani.

Quad 33 ina vitufe vya kuchuja. Ukikibonyeza kimoja, sauti zote nyembamba zilizo juu ya kiwango fulani hukatwa: juu ya mitetemo elfu kumi kwa sekunde, au elfu saba, au elfu tano. Viliwekwa kwa ajili ya sahani zilizochakaa. Nilijaribu cha elfu kumi, mchakacho ukapungua. Cha elfu saba, ukapungua zaidi. Nikabonyeza cha elfu tano na uvumi ukazimika kama taa. Akabaki babu peke yake, safi, mviringo, mzito, kama anayeimba ndani ya chumba chenye mazulia. Nilifurahi mno. Nilimwamsha mke wangu aje asikie. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Ni yeye," kisha akasema, "Ametulia sana," akarudi kulala.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulipita. Katika priamplifaya za aina hii, tundu la kutolea sauti kwenda katika kinasa limewekwa kabla ya vichujio na kabla ya volyumu. Waliounda walikusudia. Unaweza kuchuja unachosikiliza usiku wa leo, lakini unachokihifadhi kihifadhike kama kilivyokuja. Mashine ilikuwa inanizuia. Mimi nikauchomoa waya kutoka katika tundu lile na kuupachika katika mlango wa mwisho, ule wa kwendea amplifaya kubwa, ili kompyuta ipokee sauti iliyokwisha kuchujwa. Nilijihisi mwerevu.

Kikao kilifanyika Nkwenda, chini ya turubai, watu kama sitini. Palikuwa na rubisi kwa wanywao na soda kwa sisi wengine. Nilibeba mitambo yote, jenereta ya kukodi, stabilaiza, na spika mbili. Sauti ya babu ilipotoka, wazee waliinamisha vichwa. Wajukuu waliozaliwa baada yake walifungua midomo. Nilipongezwa na kila mtu. Shangazi mmoja wa mke wangu alinishika mikono yote miwili akasema nimewarudishia marehemu. Tata aliketi karibu na spika ya kushoto, mkono sikioni. Ilipokwisha hakusema kitu. Watu walipoanza kula akaniita kando.

"Mwalimu, nashukuru sana. Ni kazi kubwa." Akanyamaza kidogo. "Na mvua iko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani, kwamba siku ile ya harusi mvua kubwa ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba ndiyo maana baba yake aliimba barazani wala si uwanjani. Kwamba mama yake, yaani bibi, alikuwa ameketi mlango wa jikoni akisafisha ndizi, na kila shujaa alipotajwa alipiga kigelegele kifupi. Kwamba maji yalikuwa yakianguka juu ya migomba iliyokuwa inagusa paa, na kila mwaka akiipiga kaseti huanza kwa kuisikiliza mvua hiyo, kisha mama yake, kisha baba yake, kwa utaratibu huo. "Baba nimemsikia," akasema. "Lakini hayuko kwetu."

Ule mchele katika ungo ulikuwa mvua. Juu ya mitetemo elfu tano ndiko ilikokaa sehemu kubwa ya mvua ile, pamoja na makali ya kigelegele, na, kama nilivyokuja kujua, kitu kingine. Nilimwahidi Tata kuwa nitatoa nakala nyingine, ya kweli, na kwamba kaseti nitairudisha wiki ile ile.

Nilianza siku ya pili, na sikungoja usiku. Ilikuwa saa moja jioni, saa mbaya kuliko zote, lakini nilikuwa na haraka ya mtu mwenye aibu. Nilikuwa nimeurudisha waya katika tundu lake la haki. Kanda ikaenda vizuri kwa muda. Kisha taa zikageuka rangi ya asali, stabilaiza ikagutuka, mota ya kinasa ikalegea, na kabla sijaufikia mkono wangu umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu. Nilisikia sauti ambayo kila aliyeishi zama za kaseti anaijua. Kanda ilikuwa imejizungusha katika roda, imekunjamana kama utumbo wa samaki, na ilipovutwa ikakatika vipande.

Sikulala. Kwa mkasi mdogo, wembe na gundi ya karatasi nilitenganisha kilichopona na kilichokufa. Kilichokufa kilikuwa karibu mita tisa. Kanda ya kaseti hupita sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hivyo mita tisa ni dakika tatu na nukta chache. Niliunganisha vipande viwili vilivyobaki, nikalegeza kwa bisibisi kijiskurubu cha kichwa cha kinasa na kukipangilia mpaka sauti nyembamba zikafunguka, nikangoja saa nane za usiku, na nikanakili bila ya kubonyeza kitu. Dakika tatu zilizokosekana nikazichomeka mahali pake kutoka katika ile nakala yangu safi. Hakukuwa na nyingine duniani.

Ndipo nikaisikiliza yote, kuanzia mwanzo, na ndipo nilipoisikia enanga.

Nilikuwa nimedhani nyuzi zinasindikiza maneno. Zilikuwa zinayapima. Kila msemo wa babu ulipofika mwisho, ukucha wake ulikwangua uzi mmoja wa juu, kwa mlio mkavu, mwembamba, usiozidi kufumba na kufumbua, na msemo mpya ukaanza. Palikuwa na misemo mirefu na mifupi, lakini ukucha haukukosea. Wakati mwingine alipiga mara mbili, na hapo bibi alipiga kigelegele, kwa hivyo hicho nacho kilikuwa na mahali pake, kama kiitikio kilivyo na mahali pake kwetu. Mizani niliyoikosa katika maneno ilikuwa mkononi. Nilihesabu, nikiwa mtu mzima wa miaka arubaini na tano, kwa vidole vya miguu.

Kisha zikafika dakika tatu zangu. Mvua ikazimika. Ukucha ukageuka kuwa bonyezo laini lisilo na kingo, na misemo ikaingiana, mmoja juu ya mwingine, pasipo mwanzo wala mwisho. Ni sawa na mtu kuchukua beti za Muyaka na kuziandika mkururo mmoja bila ya mistari, kisha akaziita zimesafishwa. Na kwa mara ya kwanza niliweza kusikia kile nilichokisikia katika harusi miaka ile: hadithi iliyotiwa kinanda. Kisha mvua ikarudi, na ukucha ukarudi, na shairi likarudi.

Mke wangu aliisikiliza asubuhi. Zilipokwisha dakika zile tatu akasema, "Hapa ndipo ulipokuwa wewe." Sikuwa na la kujibu.

Nilikwenda Nkwenda peke yangu. Nilimwambia Tata nyuma ya nyumba, tukiwa tumesimama, na kopo la maziwa mkononi mwangu, na ndani yake kanda iliyoungwa. Mtu wa pwani akiomba radhi hutanguliza maneno mengi. Nilikuwa nimeyatunga njiani, na hakuna hata moja lililotoka.

"Dakika tatu," akasema.

"Tatu, Tata."

"Mama yumo humo?"

"Yumo. Lakini kwa mbali, kama aliye nyuma ya ukuta."

Alilipokea kopo kwa mikono miwili, kama alivyokuwa amenipa. Akatazama migomba yake kwa muda. "Mashine imeharibika?" akauliza, na nilielewa kuwa ananiuliza kwa nia njema, kwa sababu ni kitu cha thamani na nimekipenda. Nikamwambia haikuharibika. Akatikisa kichwa. "Basi watoto usiwaambie. Wape hivyo hivyo."

Tuliipiga tena mwaka 2014, baada ya mavuno ya kahawa. Mara hii sikuleta spika kubwa. Tuliketi ndani, mvua ya mwaka 1986 ikinyesha sebuleni, na wazee waliokuwapo siku ile wakaanza kutajana majina ya waliojificha chini ya mgomba upi. Zilipofika dakika zile, mtoto mmoja wa kike akasema kwa sauti, "Mvua imeacha!" Watu wakacheka. Iliporudi akasema, "Imerudi!" Tata alikuwa amefumba macho. "Mvua ya huku," akasema, "ndivyo ilivyo."

Yeye alitutoka mwaka 2019. Priamplifaya ingali mezani kwangu. Volyumu inakwaruza kidogo, na fundi wa Omurushaka ameacha kazi kwa sababu ya macho. Kila mwaka hubebwa hadi Nkwenda siku ya kumbukumbu, nami hukaa karibu nayo, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuiunganisha. Yule mtoto wa kike sasa ni msichana mkubwa, na yeye ndiye anayewaeleza wageni. Husubiri mahali penyewe, akainua kidole, akawaambia kwamba hapa bibi mkubwa alifungua kinywa, na mvua ikanyamaza ili imsikilize. Wageni huitikia. Mimi sijamsahihisha.